Namna ya Kuvuna, Kukausha na Kutunza Mitishamba Bila Kuua Mti

Katika vijiji vingi vya Shinyanga, Tabora na Simiyu, si ajabu kukuta mlundalunda uliosimama kando ya njia ukiwa umechunwa magome shina zima na kukauka hadi matawini. Aliyeuchuna alikuwa na haja ya kweli, kwa maana magome ya mti huu yamechemshwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya maumivu ya tumbo na homa, na nyumbani huenda kulikuwa na mgonjwa anayesubiri. Lakini mti ule hautatoa dawa tena, na mara nyingi hata magome yenyewe hayakumfaa mtu kwa muda mrefu, kwa kuwa yalianikwa chini penye vumbi, yakafungwa katika mfuko wa plastiki kabla hayajakauka, na baada ya wiki chache yakaota ukungu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waganga wa tiba asili, wakunga wa jadi, vikundi vya akina mama na familia zinazotumia mitishamba. Haufundishi mti gani hutibu ugonjwa gani, kwa sababu elimu hiyo inao wenyewe waliorithishwa na wanaoichunguza. Unahusu kazi iliyo kati ya mti na mgonjwa, yaani kuvuna, kukausha, kutunza na kupima dawa, kazi ambayo hudharauliwa ingawa ndiyo inayoamua kama mti utaishi na kama dawa itamfikia mgonjwa ikiwa salama.

Kuutambua mti na kupata ruhusa

Usivune mti kwa jina pekee. Majina ya kienyeji hubadilika kutoka wilaya moja hadi nyingine, na wakati mwingine miti miwili tofauti huitwa kwa jina moja. Mti ambao watu wa pwani huuita mjafari, Wasukuma huuita mlungulungu, na anayeagiza dawa kutoka mbali asipolifahamu hilo anaweza kuletewa kitu kingine kabisa. Jifunze alama zisizobadilika. Mlungulungu una vinundu vikubwa vyenye miiba shinani, na majani yake yakifikichwa hutoa harufu inayofanana na ya limau. Mlundalunda huchanua maua ya manjano mwishoni mwa kiangazi, wakati miti mingi bado imepukutika, na huzaa maganda marefu ya mviringo yanayoning'inia kwa miezi mingi. Nengonengo huchanua maua ya zambarau, na mzizi wake ukikwanguliwa hutoa harufu kali kama ya dawa ya kuchua misuli. Huu wa mwisho utambue vizuri zaidi kuliko yote, kwa sababu mzizi wake una sumu na umeua watu walioupima vibaya.

Unapokuwa na shaka, chukua kitawi chenye majani pamoja na maua au matunda, kilaze katikati ya karatasi za gazeti, weka ubao na mawe mazito juu yake, kisha badilisha magazeti kila siku mpaka kitawi kikauke kikiwa bapa. Andika mahali ulipokitoa, tarehe, jina la kienyeji, kimo cha mti na rangi ya maua yakiwa mabichi, kwa kuwa rangi hupotea. Sampuli ya namna hiyo inaweza kutambuliwa na wataalamu wa hifadhi ya taifa ya mimea iliyoko Arusha, au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa walioko Kenya, hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Mganga aliyetambulisha miti yake mikuu kwa njia hii ameweka msingi ambao hata wanawe wataujengea.

Baada ya kuutambua mti, uliza ni wa nani. Mti ulio shambani kwa mtu una mwenyewe, na mti ulio katika ngitili una taratibu zake. Ngitili, yaani maeneo ambayo Wasukuma huyafunga ili nyasi na miti vipate kuota tena, yalikuwa yametoweka kwa sehemu kubwa kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 kuwasaidia wanavijiji kuyarudisha, na pamoja na malisho ilirudi pia miti ya dawa ambayo ilikuwa imeanza kufuatwa mbali. Kuingia humo na panga bila kuongea na wenye ngitili au serikali ya kijiji ni kuwavunja moyo watu waliovumilia miaka mingi bila kukata. Kwa msitu wa hifadhi wa serikali au wa kijiji, kibali kinahitajika chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hata kama unachohitaji ni kikapu kimoja.

Ipo pia miti ambayo biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Mti ambao Wakikuyu huuita mwiri, unaoota katika misitu ya milimani na ambao magome yake hutengenezwa dawa ya uvimbe wa tezi dume huko Ulaya, uliingizwa katika orodha ya udhibiti ya mkataba wa CITES mwaka 1995. Msandali wa Afrika Mashariki ulifuata mwaka 2013, baada ya Kenya kupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mtu mgeni akifika kijijini akitaka kununua magome au mizizi ya aina moja kwa magunia, kabla ya kupanga bei ulizeni kibali chake.

Kuvuna gome, mzizi na jani

Anza na swali hili: je, jani halitoshi? Ikiwa mganga anajua kwamba majani ya mti fulani hufanya kazi ileile, avune majani, kwa sababu majani huota tena. Chukua machache kwa kila tawi, usipite robo ya majani ya mti mzima, na acha machipukizi ya juu. Mimea yenye harufu kama kivumbasi na mrehani huvunwa inapokaribia kuchanua, asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mafuta yenye harufu huruka kwa joto na majani yenye umande huoza yakiwa bado kwenye kapu. Majani yaliyoliwa na wadudu, yenye madoa, au yaliyo kando ya barabara kuu na mashamba ya pamba yanayopuliziwa sumu, yaache.

Kwa upande wa gome, ni muhimu kuelewa kwa nini mti hufa. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia ndani ya mti wenyewe, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome. Ukilitoa gome kuzunguka shina lote, hata kwa upana wa kiganja tu, umekata njia hiyo. Mti hautakauka siku hiyohiyo. Unaweza kubaki na majani mabichi kwa miezi kadhaa kwa sababu maji bado yanapanda, ndipo mizizi ikimaliza akiba yake mti unakufa. Ndiyo maana wengi hawaoni uhusiano kati ya kisu chao na kifo cha mti, nao husema ni ukame.

Njia iliyo bora kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya hutumika mara chache, ni kutokugusa shina kabisa. Chagua tawi moja nene, likate karibu na shina kwa msumeno, ukianza kwa kulikwaruza upande wa chini ili lisipasuke na kuchana gome la shina likianguka, kisha chuna magome yote ya tawi hilo ukiwa umekaa kivulini. Tawi moja la unene wa mkono hutoa magome ya kutosha mgonjwa mmoja au wawili, na jeraha lake ni dogo.

Kama ni lazima kuchuna shina, chagua mti mkubwa. Kwa miti ya unene wa wastani, kipenyo kisipungue sentimita 30 kwenye kimo cha kifua. Ligawe shina kwa macho katika robo nne, kisha chuna robo mbili zinazotazamana na uache nyingine mbili bila kuguswa. Utaratibu huu umetumika kwa miaka mingi kwenye mti wa mwiri katika milima ya Kameruni, na pale ulipofuatwa miti iliendelea kuishi. Pale wafanyabiashara walipouvunja, miti ilikufa kwa maelfu. Kwa mlundalunda na mlungulungu, ambayo si minene kama mwiri, chuna vipande vyembamba zaidi, kimoja kila upande, visivyozidi upana wa vidole vinne na urefu wa mkono hadi kiwiko.

Panga au kisu kiwe kikali na kiwe kimesafishwa. Pitisha makali wima, juu hadi chini, katika mistari miwili, kisha unganisha mistari hiyo juu na chini kwa mkato mfupi. Usigongegonge kwa shoka, kwani gome husagika na mti hupasuka. Ingiza ncha ya kisu chini ya gome na ulinyanyue polepole. Ndani utaona tabaka laini, lenye utelezi, lililoshikana na mti. Hilo ndilo linalotengeneza gome jipya, basi likibaki kwenye mti, usilikwangue. Ukiona umefika kwenye mti mweupe mkavu, umekata kwa kina mno. Wengi hupaka jeraha mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na samadi ya ng'ombe ili lisikauke upesi na wadudu wasiingie. Ni desturi njema ya kuendeleza, mradi haitumiki kama kisingizio cha kuchuna zaidi.

Usirudi kwenye mti huohuo kabla jeraha halijafunikwa na gome jipya na kuwa gumu. Kwa miti mingi hilo huchukua miaka 4 au 5, na katika maeneo makavu huchukua muda mrefu zaidi. Weka alama kwa rangi au andika katika daftari, maana kumbukumbu ya kichwani haitoshi pale watu wanne wa kijiji kimoja wanapovuna katika kichaka kimoja.

Mizizi ndiyo hatari zaidi kwa mti na ndiyo inayotafutwa zaidi na waganga. Chimba umbali wa mita moja au zaidi kutoka shinani, upande mmoja tu. Utakapoukuta mzizi wa pembeni ulionyooka, kata kipande chake kimoja na uache mingine. Mzizi mkuu unaoshuka chini usiguswe. Rudisha udongo wote ulioutoa, ushindilie kwa mguu, kwa sababu shimo lililoachwa wazi hukausha mizizi iliyobaki na huwavutia mchwa. Mwakani vuna upande mwingine, au mti mwingine. Mimea midogo ambayo mzizi wake ni mmoja tu, na kuung'oa ni kuumaliza mmea, ivunwe baada ya kukomaza mbegu, na mbegu hizo zifukiwe palepale ulipoung'oa.

Kuhusu majira, gome na mzizi huvunwa vizuri mvua za masika zinapokoma, kuanzia Mei, wakati mti bado una unyevu wa kuponya jeraha na hewa imekauka kiasi cha kukausha dawa. Kuvuna katikati ya mvua kwa kawaida ni kazi ya bure, kwa kuwa utakachokipata kitaoza.

Kukausha

Dawa iliyovunwa vizuri huharibikia hapa. Osha mizizi kwa maji safi na brashi siku ileile, kisha ikate vipande vyembamba ikiwa bado mibichi, kwani ikishakauka hata shoka huruka. Magome hukwanguliwa tabaka la nje lililokufa, lenye vumbi na kuvu, kisha hukatwa vipande vya urefu wa kidole. Majani hayaoshwi isipokuwa yakiwa na matope. Yakioshwa, yakung'utwe vizuri. Kila aina ya mmea ikaushwe peke yake, na ile yenye sumu mbali na mingine.

Jenga kichanja cha kimo cha kiuno kwa fito, kivuli chake kiwe ama paa la nyasi ama mti mkubwa usiodondosha utomvu. Juu ya fito tandika wavu wa chuma wenye matundu madogo, au mkeka wa ukindu uliosukwa kwa nafasi, au chandarua kipya kisichotiwa dawa. Narudia, kisichotiwa dawa: vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya mbu vina viuatilifu, na kuanika juu yake kitu kitakachonywewa ni hatari. Kichanja kisiwe karibu na jiko la kuni, zizi, wala njia ya mifugo. Hewa ipite juu na chini.

Tandaza majani kwa tabaka moja au mawili, yasirundikane. Yapindue asubuhi na jioni kwa siku mbili za kwanza, wakati unyevu unapotoka kwa wingi, na usiku yafunike au yaingize ndani ili yasipate umande. Majani yaanikwe kivulini. Jua kali huyafanya yabadilike rangi kuwa ya kahawia na kuondoa mafuta yake, na mtu anayejua harufu ya kivumbasi kilichokauka kivulini hatadanganyika na kile kilichokaushwa juu ya bati. Magome na mizizi huvumilia jua la asubuhi, ila yasiachwe mpaka yageuke rangi.

Namna ya kujua kwamba dawa imekauka ni kuishika. Jani likunje kiganjani: likivunjikavunjika na kutoa mlio, limekauka, likipinda na kubaki zima, bado. Kikonyo cha jani kivunjike kwa mkato mmoja. Kipande cha gome au mzizi kikivunjwa kitoe mlio wa kavu na katikati yake kusiwe na ubaridi ukikigusisha mdomoni. Usiharakishe hatua hii kwa sababu juu panaonekana pakavu, kwani unyevu wa ndani hutoka taratibu na ukifungiwa chomboni hurudi juu. Kwa kukadiria mavuno, fahamu kwamba kilo 5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya majani makavu, kwa hiyo usivune kwa kutazama ukubwa wa kapu bali kwa kutazama kiasi unachohitaji baada ya kukausha.

Suala la ukungu lichukuliwe kwa uzito unaostahili. Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye nafaka na mimea mikavu hutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoisha kwa kuchemsha. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyohiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu wale hawachagui mahindi peke yake. Gome au mzizi uliokaushwa vibaya ni makazi mazuri kwao, na anayeunywa mara nyingi ni mtu ambaye mwili wake umeshadhoofika. Dawa ikiota ukungu, hata kidogo upande mmoja, itupwe yote. Kupangusa na kuanika upya hakuondoi sumu.

Kutunza na kuandika

Dawa kavu ihifadhiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, mfuko wa pamba uliofuliwa, au mfuko wa karatasi ya kaki uliowekwa ndani ya debe safi. Mifuko ya plastiki hutoa jasho ndani mchana kukiwa na joto, na chupa zilizokuwa za dawa za mifugo au viuatilifu zisitumike hata zikioshwa mara kumi. Vyombo viwekwe juu ya rafu, mbali na ukuta wenye unyevu, mahali penye giza na ubaridi.

Kila chombo kiwe na karatasi iliyoandikwa jina la mti, sehemu iliyovunwa, mahali, tarehe ya kuvuna na jina la aliyevuna. Waganga wengi wazee hutambua dawa zao kwa kunusa na kuonja, na uwezo huo unastahili heshima. Lakini siku mganga anapougua, anayeingia chumbani mwake kutafuta dawa ni kijana asiye na pua ile. Nengonengo na mimea mingine yenye sumu iwe na chombo chenye alama nyekundu, kwenye rafu yake, na kinu chake kisitwangiwe kitu kingine, wala kisitumike jikoni.

Majani na maua yatumike ndani ya mwaka mmoja. Magome na mizizi yaliyobaki katika vipande hudumu hadi miaka miwili kama hayajapata unyevu. Unga hupoteza nguvu upesi kuliko vipande, kwa hiyo twanga kidogo kidogo kadiri unavyohitaji. Kila mwezi fungua vyombo, nusa, tazama kama kuna wadudu au utando, na ukiona shaka usimpe mtu.

Kupika na kupima

Majani laini na maua humiminiwa maji yaliyochemka, hufunikwa kwa dakika 10 hadi 15, kisha huchujwa. Kifuniko kina kazi yake, kwa kuwa mvuke unaopotea ndio unaobeba mafuta ya dawa. Magome na mizizi huchemshwa kwa moto mdogo, dakika 15 hadi 30, kisha huchujwa kwa kitambaa safi. Tumia chungu au sufuria isiyoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na dawa zenye uchachu au ukakasi. Maji yawe yale yale ambayo ungemnywesha mtoto. Dawa iliyopikwa ikikaa bila jokofu isipite siku moja, na kilichobaki kimwagwe hata kama mgonjwa ametoka mbali.

Kipimo kiwe cha chombo kinachojulikana. "Kiganja" cha mganga mmoja si kiganja cha mwingine, na kipande cha gome la mti mzee hakilingani na cha mti mchanga. Nunua mizani ndogo ya jikoni au, ikishindikana, chagua kijiko kimoja na glasi moja na usivibadilishe. Andika daftarini ulimpa nani, kiasi gani, kwa siku ngapi, na alirudi akisema nini. Daftari hilo baada ya muda litakuwa na thamani kuliko dawa zilizomo ndani ya chumba, na ndilo watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1974, hulihitaji wanapotaka kuchunguza mti.

Wapo watu ambao dawa nyingi haziwafai. Mama mjamzito asipewe utomvu wa mshubiri, mwarobaini wala dawa yoyote chungu inayoendesha. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yasinyweshwe mtoto kamwe, kwa kuwa yamewahi kuleta degedege na vifo kwa watoto wachanga. Mizizi ya mlonge isichanganywe na majani yake, kwani majani ni mboga na mizizi ina sumu. Mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge akitumia pia mlonge au mwarobaini anaweza kushuka sukari mpaka azimie, basi ni lazima amweleze daktari anayemtibu. Muulize kila mgonjwa anatumia dawa gani nyingine kabla hujampa ya kwako, na muulize kwa upole, maana wengi huficha wakidhani watafukuzwa.

Mgonjwa wa kwenda zahanati

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria kabla ya kunyweshwa chochote. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika chache, na malaria kali huua mtoto ndani ya siku moja au mbili. Degedege, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, macho au viganja kuwa vyeupe, damu kwa mjamzito, kuumwa na nyoka: hayo hayasubiri chungu kichemke. Kuna wanaosema kwamba chai ya pakanga inatosha kwa malaria kwa sababu dawa mseto zilianzia kwenye mmea huo. Ni kweli zilianzia huko, na mtafiti Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, lakini kiasi cha dawa ndani ya kikombe cha chai hakitabiriki, na Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumike kutibu malaria.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzizi wa mugariga kwa shilingi 500. Sina sababu ya kuwabeza waliokwenda, kwani waliokuwa kwenye foleni ile walikuwa wagonjwa na ndugu zao. Linaloumiza ni kwamba wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, sukari na kifua kikuu baada ya kunywa. Mganga mwenye busara humwambia mgonjwa waziwazi, mbele ya ndugu zake, kwamba dawa ya hospitali isiachwe. Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga. Safari ya usajili huanzia kwa serikali ya kijiji na mratibu wa tiba asili wa halmashauri, na dawa inayofungashwa kwa ajili ya kuuzwa hupimwa kwanza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kupanda

Mti unaovunwa kila mwaka unapaswa kuwa na mrithi karibu na nyumba. Yapo mazao mepesi ya kuanza nayo: mshubiri hupandwa kwa machipukizi yaliyotolewa pembeni mwa mama, mchaichai kwa kugawa shina lake, mlonge kwa mbegu au kwa fito ya urefu wa mita moja iliyofukiwa theluthi, na kivumbasi kwa mbegu zinazonyunyizwa juu ya udongo laini bila kufukiwa kwa kina. Mwarobaini unahitaji haraka, kwa sababu mbegu zake hufa ndani ya wiki chache; okota matunda yaliyoiva, toa nyama yote, osha, anika kivulini siku moja au mbili na upande.

Mlundalunda una ganda gumu la mbegu. Kwangua mbegu kidogo kwenye jiwe upande usio na kijicho, ziloweke usiku mmoja, panda mbili mbili katika viriba vyenye mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza, na baada ya kuota ung'oe ule dhaifu. Miche ihamishwe shambani mwanzo wa mvua za Novemba, mita 4 kutoka mmoja hadi mwingine, ikizungushiwa matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi. Katika miaka ya mwanzo vuna majani na vitawi vya kupogolea peke yake, na shina lisiguswe mpaka lifikie unene uliotajwa hapo juu.